Juu ya Magoti na Mikono Katika Sala ya Pamoja

Katika vigango vya Tarime na Serengeti tumesikia mara nyingi waalimu wakibishana juu ya mwili wa Mkristo anaposali pamoja na wenziwe. Wako wasemao kwamba haya ni mambo madogo, maana Mungu hutazama moyo. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto hujifunza ibada kwa macho kabla ya kuijua kwa katekisimu. Naye akionyeshwa vibaya, atakuwa mtu mzima asiyejua anafanya nini mbele ya altare.

Kosa la kwanza li katika maneno. Kiswahili hupambanua kupiga goti na kupiga magoti, walakini waalimu wengi huyachanganya. Maelekezo ya Misale ya Kiroma, toleo la tatu la mwaka 2002, yaeleza kwamba kupiga goti la kuume mpaka chini ni alama ya kuabudu. Kwa hiyo twapiga goti mbele ya Sakramenti Takatifu. Kuinama ni alama ya heshima: twainamisha kichwa litajwapo jina la Yesu, twainamisha mwili mbele ya altare. Mwalimu asemaye “pigeni magoti” kwa yote hayo huwaachia watu kuchutama nusu nusu, wala haionekani kama wameabudu au wamesalimu tu. Hata kusujudu, ambako ni kuweka paji la uso chini, twalitumia ovyo kwa kila namna ya ibada. Yafaa kila neno lirudishiwe kazi yake.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kusimama si kusali. Wazee wengine husikitika wakiona watu wamesimama katika Baba Yetu. Lakini Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza sala za siku ya Bwana zisaliwe watu wamesimama, kwa ajili ya Ufufuko. Tena mzee asiyeweza kupiga magoti wakati wa mageuzo asilaumiwe. Maelekezo yale yale yampa ruhusa ya kusimama, ila ainame sana padre apigapo goti.

Sasa twende kwenye mikono. Katika Baba Yetu Misale yamwagiza padre kunyosha mikono. Kwa watu haisemi neno. Waalimu wengine hukataza kabisa watu kuinua mikono, wakisema ni desturi ya walokole. Huko ni kutojua. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu, aliandika karibu na mwaka 200 juu ya Wakristo kusali wameinua mikono na kuinyosha. Na katika makaburi ya Prisila kule Roma imo picha ya mwanamke asaliye hivyo. Ni kweli kwamba agizo la Roma la mwaka 1997 lawakataza walei kutenda matendo yaliyo ya padre mwadhimishaji peke yake, na mwalimu alishike sana agizo hilo. Hata hivyo, anayekataza kwa hofu ya walokole ametoa sababu isiyo sababu. Naye anayelazimisha watu wote wainue hana andiko la kumtegemeza.

Neno lililotusukuma kuandika ni la kushikana mikono. Wakurya, na Wangoreme na jirani zao vilevile, wana heshima kubwa baina ya baba mkwe na mkaza mwana. Hawagusani, na kila mmoja humpisha mwenziwe njia. Kiswahili chaiita soni, na neno hilo lina ndugu katika Kikurya. Katika kigango kimoja tuliona mwalimu akipaza sauti, “Shikaneni wote, sisi ni familia moja!” Mama mmoja kijana alikuwa amesimama karibu na baba mkwe wake. Alitazama chini, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Jumapili iliyofuata alisali chini ya mti, nje ya kanisa. Twauliza: umoja gani huo uliomtoa mama katika nyumba ya Baba?

Labda mtu atatujibu kwamba Injili yabomoa kuta, na kwamba nchi ya Tarime, iliyojua vita vya koo na wizi wa ng’ombe, yahitaji mikono ishikane kuliko nchi nyingine. Jibu hili lina uzito. Lakini uadui ni dhambi, na soni si dhambi. Ukuta wa uadui na uvunjwe, na mkono wa amani utolewe kwa mtu wa ukoo mwingine hasa. Soni ni ua la nyumba. Ukiliondoa kwa amri ya dakika moja, wenye nyumba watakimbia. Tunakiri kwamba soni ikitumiwa kumdharau mwanamke, yapasa kukemewa. Ila si kwa kumwaibisha mwanamke yule yule mbele ya watu.

Kanisa lenyewe limeacha nafasi. Namna ya kupeana amani huwekwa na Baraza la Maaskofu kufuata desturi za watu, na kila mtu humpa aliye karibu naye kwa kiasi. Barua ya Roma ya mwaka 2014 ilikumbusha hayo. Misale ya Kongo, iliyokubaliwa mwaka 1988, yaonyesha njia iliyo bora: huko waumini wakitubu huinamisha vichwa na kufumbata mikono kifuani, nao walipokea tendo hilo kwa maaskofu wao, wala halikubuniwa na mwalimu wa kigango.

Basi, waalimu wenzetu, tuseme goti tukimaanisha goti. Tusiamuru pale Misale inaponyamaza. Na katika kupeana amani, mkwe na mkaza mwana wakiinamishiana vichwa na kusema “Amani ya Kristo,” tuwaache. Amani imekwisha kufika. Mama yule aliye chini ya mti aendewe nyumbani, aombwe radhi, arudi kukaa mahali pake.