Heko kwa wahudumu wa Ganze

Huko Ganze, upande wa bara wa Kaunti ya Kilifi, mvua ni ya kubahatisha na boma moja liko mbali na jingine. Wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao akina mama wa vijiji hivyo hivyo, huzifikia nyumba hizo kwa miguu, kila mmoja akiwa na kaya zipatazo 100. Hodi ikishaitikiwa, mkoba hufunguliwa na utepe wa rangi wa kupima utapiamlo ukazungushwa kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Kijani, mama apumue. Njano, mtoto afuatiliwe. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, safari ya zahanati haingoji kesho. Huulizwa pia jana kumepikwa nini, swali linalotaka ulimi wa jirani, si wa afisa.

Kwa miaka mingi walijitolea bure. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ikichangiana na kaunti. Ni kidogo mno, kwa maoni yangu. Basi angalau ifike kwa wakati.