Gigabaiti 24: Ubahili Ulioiharibu Fusion Drive

Uamuzi wa kampuni ya Apple wa Oktoba 2015, wa kuipunguza flashi iliyomo ndani ya Fusion Drive ya terabaiti 1 ya kompyuta zake za iMac kutoka gigabaiti 128 hadi gigabaiti 24, na jina likaachwa lilelile kana kwamba kitu chenyewe hakikubadilika, ni kosa lililo dhahiri; na leo, iMac hizo zikiwa zimekwisha kutoka mikononi mwa wenyewe wa kwanza na kuuzwa kwa mtumba, hata hapa kisiwani Mombasa, wanaolilipia kosa hilo ni watu ambao hawakuwa na shauri lolote katika jambo hilo.

Wasomaji wa safu hii wanakumbuka kazi ilivyofanywa mwaka 2012: flashi ya gigabaiti 128 na diski ya kuzunguka ziliunganishwa kwa programu ya Core Storage zikawa hifadhi moja machoni pa mtumiaji, kila kilichoandikwa kikapokewa kwanza na flashi, ambayo gigabaiti 4 zake ziliachwa wazi kwa ajili hiyo, na mfumo, kila ulipopata faragha, ukavipandisha katika flashi vipande vinavyosomwa mara kwa mara na kuvishusha diskini vilivyosahauliwa. Uhamishaji huo ulifanywa kwa ustadi, wala sina neno nao.

Lakini ustadi wote huo ulisimama juu ya sharti moja, nalo ni flashi kuwa na wasaa wa kuchukua kazi ya mtu ya siku kadhaa, ili akirudi kesho kwenye jambo aliloliacha leo alikute mahali pa kasi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hutoa gigabaiti 22.5 kwa saa moja. Basi mpiga video wa Mji wa Kale aliyeshinda harusini, akarekodi nikaha na maulidi na karamu, anapoketi kuihariri kazi yake, saa moja tu ya picha hizo ingetosha kukaribia kuijaza flashi ya gigabaiti 24 lau ingekuwa tupu. Na tupu haiwi kamwe, maana mfumo wa uendeshaji na programu zake zimekwisha kukaa humo. Kinachobaki ni diski ya kuzunguka, polepole kama ilivyokuwa siku zote, na mtu aliyeuziwa kasi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Ndia Kuu mwenye ghala karibu na Bandari ya Kale: huweka dukani bidhaa zinazotakiwa kila siku na nyingine huziacha ghalani. Duka hilo likibomolewa hata ikabaki rafu moja, wachukuzi watashinda njiani kutwa, wakipishana, huyu analeta na yule anarudisha, na mteja bado amesimama mlangoni. Ndivyo ilivyo flashi finyu: vipande hupandishwa na kushushwa kabla havijatumika vya kutosha, na kila safari huula muda wa diski ileile ambayo mtumiaji anaingojea, na kila uandishi huichakaza flashi ambayo chembe zake ni chache.

Tena pana jambo zito kuliko kasi. Kache ya kweli hushika nakala, na asili hubaki diskini. Fusion Drive haikujengwa hivyo, kwani kipande kilichopandishwa hukaa katika flashi peke yake, na mojawapo ya mbili hizo, flashi au diski, ikifa, hifadhi nzima imekwenda nayo. Mwaka 2012 mnunuzi aliikubali hatari hiyo kwa kupewa gigabaiti 128. Mwaka 2015 hatari ikabaki nzima, ilhali flashi ilikatwa ikawa chini ya humusi ya ile ya kwanza. Biashara ya namna hiyo haina insafu.

Watetezi wake husema bei nayo ilishuka. Hoja hii haisimami, maadam katika miaka hiyo mitatu bei ya flashi ulimwenguni ilikuwa imeanguka, na wakati wa kuongeza ndio uliotumiwa kupunguza. Kadhalika matoleo ya terabaiti 2 na 3 yaliachiwa gigabaiti zake 128, jambo ambalo ni ushahidi kwamba wahandisi wenyewe walikijua kipimo kinachofaa. Mwaka 2017 zile 24 zikaongezwa zikawa 32, na hilo halikuponya kitu.

Nimekwisha kusema mara nyingi, na nitasema tena, kwamba flashi si dawa ya uhaba wa ramu. Na mwenye kutaka kuiongeza ramu yenyewe, au flashi, hana njia: iMac ya inchi 21.5 ya mwaka huohuo 2015 ilitolewa ikiwa ramu yake imeunganishwa kwa risasi, haiongezeki, na kioo chake kimegandishwa kwa gundi. Fundi anayetaka kuifikia flashi sharti aung'oe ubao mkuu. Wamefunga milango yote mitatu, kisha wakaacha dirisha la gigabaiti 24.

Walio kabla yao walikuwa na adabu zaidi. ReadyBoost ya Windows Vista, mwaka 2007, ilidharauliwa na wengi, walakini ilikuwa na uaminifu: kila ilichokiweka katika flashi kilifungwa kwa usimbaji na kilikuwako pia diskini, na flashi ikichomolewa ghafula hakuna kilichopotea. L2ARC, kache ya mfumo wa mafaili wa ZFS, aliyoiandika Brendan Gregg akiwa Sun Microsystems na ikatoka mwaka 2008, ilishika nakala tu, ikaiacha amana mahali pake. Na bcache ya Kent Overstreet, iliyoingia katika Linux 3.10 mwaka 2013, hutoka ikiwa imewekwa kuandika diskini papo hapo, na mafaili marefu yanayosomwa mfululizo huyapitisha kando ili yasiifukuze kazi ndogondogo kutoka kwenye kache. Huyo alijua kwamba kitu kidogo huhitaji kulindwa. Waliopunguza hadi 24 walikichukua kitu kidogo na kukitwika mzigo wa kikubwa.

Kwa hiyo, ewe mnunuzi, usilipe kwa kulisoma jina. Fungua taarifa ya mfumo, tazama ukubwa wa flashi yenyewe, na ukikuta 24 au 32, ihesabu mashine hiyo kuwa ni ya diski ya kuzunguka na ulipe bei ya diski ya kuzunguka. Ikiwa umekwisha kuinunua, chomeka diski ya nje iliyo ya flashi pekee katika tundu la USB 3, sakinisha mfumo humo na uiwashe kompyuta kutoka humo, na ile Fusion Drive iachie kuhifadhi nakala za kazi zako.