Hesabu ya Waya Unaojisugua

Kutoka Giheke si mbali kufika Mururu, upande wa Rwanda wa Mto Rusizi. Mitambo ya umeme ya Rusizi II, iliyo kwenye mto huo na inayomilikiwa na Rwanda, Burundi na Kongo kupitia kampuni yao ya pamoja, SINELAC, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1989, na umeme wake hupanda milima kwa nyaya za kilovolti 110. Adui wa nyaya za namna hiyo si dhoruba peke yake. Upepo mwanana wa mita 1 hadi 7 kwa sekunde huzaa visulisuli vidogo juu na chini ya waya kwa zamu, na waya huanza kutetema. Mwendo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba aliye chini haoni kitu. Baada ya miaka, nyuzi hukatika penye kibanio kinachoushikilia waya kwenye nguzo.

Chukua waya wa aina iitwayo Lynx: nyuzi 30 za alumini zilizosokotwa juu ya nyuzi 7 za feleji, kila uzi milimita 2.79. Upepo wa mita 3 kwa sekunde utautetemesha takriban mara 31 kila sekunde. Je, ukakamavu wake unapopindwa ni upi? Nimepiga hesabu nikiacha kando pembe ya msokoto. Nyuzi zikiteleza kwa uhuru, ni kama 10.5 kwa kipimo cha niutoni-mita za mraba. Zikigandamana kama fimbo moja, ni 385. Tofauti ya mara 37! Ukikosea hapo, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Mhandisi Konstantin Papailiou, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu ukakamavu huo, hakuchagua upande. Mkazo wa waya huzibana tabaka za nyuzi, na mbano huo huleta msuguano. Waya ukipinda kidogo, nyuzi hushikana. Mpindo ukizidi, uzi mmoja baada ya mwingine huushinda msuguano na kuteleza, na ukakamavu hushuka hatua kwa hatua. Kila mtelezo hugeuza nishati ya mtetemo kuwa joto. Kumbe ukikaza waya sana, nyuzi hazitelezi, na mtetemo unakosa wa kuufifisha. Ndiyo sababu wahandisi huweka kikomo cha mkazo, au hufunga kifaa alichobuni George Stockbridge huko California miaka ya 1920: vipande viwili vizito kwenye kamba fupi ya feleji. Kamba hiyo nayo imesokotwa, nayo hufanya kazi kwa msuguano uleule.

Tatizo ni kwamba msuguano huohuo hula nyuzi, na kiwango chake hubadilika kadiri vumbi na kutu ya alumini vinavyoingia kati ya nyuzi hizo. Kwa hiyo mashirika mengi bado hupima mwendo wa waya milimita 89 kutoka kwenye kibanio, kisha hukadiria mkazo wa nyuzi kwa kanuni ya Poffenberger na Swart ya mwaka 1965, inayochukulia kwamba nyuzi zote zinateleza. Dhana hiyo si sahihi, ila majaribio ya uchovu wa nyaya yaliandikwa kwa kanuni hiyohiyo, na anayeibadilisha lazima ayasahihishe yote.