Mizimu na Mitambo Katika Riwaya ya Pili

Katika kazi zote za mtunzi wa riwaya, ninayoistahi zaidi ni kuandika kitabu cha pili kinachoingiza ubunifu wa kisayansi katika ulimwengu uliojengwa na kitabu cha kwanza kwa historia na mizimu. Ugumu wake ni kwamba msomaji amekwisha kuamini. Alikubali kwamba wafu wana sauti na kwamba mganga huona ya mbali. Sasa analetewa mashine. Mtunzi dhaifu huitumia mashine hiyo kumsuta: kumbe mzimu ulikuwa gesi tu, kumbe maono yalikuwa homa. Nashikilia kwamba mtunzi stadi hafanyi hivyo. Kitabu cha pili hurithi madeni ya cha kwanza, na sayansi ikiingia humo inaingia kuyalipa.

Ushahidi mzito nauona kwa Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe. Nagona ilitoka mwaka 1990, na Mzingile ikafuata mwaka 1991, vyote vikiwa vitabu vyembamba. Katika cha kwanza, msimulizi anausaka ukweli katika nchi ambayo mahali na wakati havitii mipaka, na fikra za Ulaya na za Afrika zinakabiliana. Katika cha pili safari inaendelea kumtafuta mzee aliye mfano wa Muumba, kisha dunia inaangamia kwa namna ambayo msomaji wa zama za mabomu ya nyuklia anaitambua bila kuambiwa. Kezilahabi hasimami kueleza mitambo, wala hageuki kuzikana ngano alizoanza nazo. Msafiri ni yuleyule, na magofu anayoyapita ni jibu la swali lililoulizwa mwanzo: huyu mwanadamu asiyeshiba kujua, atafika wapi? Maangamizi hayo yangetengwa na Nagona, yangebaki kishindo tu.

Wapo wanaosema kwamba mchanganyiko huu ni wa kuazima, na unamvuruga msomaji aliyezoea hadithi zetu. Historia ya fasihi yetu haiwaungi mkono. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita dhidi ya Herakli, mfalme wa kweli wa Bizanti, na miujiza imo ndani ya historia hiyo bila kuomba ruhusa. Wengine hudai kwamba ni njia ya kukwepa siasa. Hao wamsome Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Walenisi yake ya mwaka 1995 inamtia Dzombo, aliyehukumiwa kufa, ndani ya chombo cha angani, nacho kinamfikisha kwenye jamii yenye haki. Chombo cha kumuulia ndicho kinachomvusha. Sioni ukwepaji hapo. Lawama ninayoikubali ni ya ugumu. Msomaji aliyempenda Kezilahabi wa riwaya ya awali, Rosa Mistika, ana haki ya kulalamika kwamba katika Mzingile ameachwa bila mkono wa kushika. Ugumu huo, lakini, ni wa mtunzi mmoja na mtindo wake. Mkangi anasomeka vizuri sana.

Kwa mtunzi anayeishi mtaa wa Rhonda, au popote Nakuru, mali ghafi ipo karibu mno. Simulizi za Kimaasai husema kwamba katika karne ya 19 wapiganaji wa Ilaikipiak walishindwa wakatupwa ndani ya kreta ya Menengai, na kwamba mvuke unaofuka humo ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda mbinguni. Mwaka 2011 kampuni ya serikali, GDC, ilianza kuchimba visima vya mvuke humohumo, na tangu mwaka 2023 mvuke wa Menengai unazungusha mitambo ya umeme. Riwaya ya kwanza ni ya vita, ya pili ni ya visima, na mvuke ni uleule. Natamani iandikwe, na fundi wake wa zamu ya usiku aijue kazi barabara, geji yake isidanganye, na roho nazo ziwemo kwelikweli ndani ya bomba. Hapo mtunzi atalazimika kuamua ni nani anayezidai roho hizo jasho, zitalipwa nini kwa kila taa inayowaka, na kama kuzungusha mtambo kunaikawiza safari yao au ndiko kunakozifungulia njia. Bei hiyo inafaa iwe imedokezwa tangu uwanja wa vita, katika kitabu cha kwanza, kabla ya mashine yoyote kufika.