Koko si Mwitu

Kosa langu nililijua miaka mingi baada ya kulifanya. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari, na mwanafunzi mmoja akaandika insha juu ya mbwa koko aliyemaliza kuku wa bibi yake. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata neno “koko”, nikaandika juu yake “mwitu”, kisha nikampunguzia alama mbili. Niliona koko ni lugha ya mitaani, na mwitu ndiyo lugha ya vitabu. Alikuja mezani, akasema kwa adabu, “Lakini Mwalimu, yule mbwa si wa mwitu. Mama yake alikuwa wa jirani.” Nikamwambia akakae.

Leo nakiri kuwa mwanafunzi yule alilijua neno kuliko mwalimu wake. Hebu tuyapime maneno yenyewe. Koko ni kichaka kilichosongamana. Mwitu ni msitu. Kwa asili, basi, yanakaribiana, na ndiyo maana nilipotea. Lakini matumizi yameyatenga. Mbwa koko ni mbwa wa kawaida asiye na mwenyewe: alifukuzwa, au alipotea, au alizaliwa vichakani, akawa anaishi kwa majalala na wizi. Aliwahi kuwa wetu, yeye au wazazi wake. Mbwa mwitu hajapata kuwa wa mtu. Huyo ni mnyama mwingine kabisa: ana vidole vinne katika kila mguu, hali mbwa wa nyumbani huwa na vitano katika miguu ya mbele, wala hazaliani na mbwa wetu. Mholanzi Coenraad Temminck, aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1820, alimdhania kuwa ni aina ya fisi.

Lawama ya pili ni yetu sisi tunaotafsiri. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union Version, mbwa-mwitu ni jina la yule mla kondoo wa nchi za Biblia. Watafsiri walitafuta neno ambalo msikilizaji angelielewa upesi, nami naiona haja yao. Hata hivyo, kwa kupewa jina moja, mnyama wetu alirithi dhambi za mnyama mwingine. Mhubiri akitaka kumtaja mlaghai, humwita mbwa mwitu. Miaka ya 2010, jijini Dar es Salaam, kundi la vijana wahalifu nalo lilijulikana kwa jina hilohilo.

Tabia za mwenye jina ni tofauti na sifa hizo. Kundi likishaua swala, watoto huachiwa wale kwanza. Wale wadogo waliobaki pangoni hutapikiwa nyama, pamoja na mama yao. Wakubwa waliosalia Afrika nzima hukadiriwa kuwa chini ya 7,000. Katika mbuga za Serengeti walitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kutoka Loliondo.

Hapa ndipo tofauti ya maneno inapoacha kuwa mchezo wa walimu. Miongoni mwa yanayowamaliza mbwa mwitu ni kichaa cha mbwa, ugonjwa unaowafikia kutoka kwa mbwa wa vijijini, wakiwemo mbwa koko. Anayeyachanganya majina haya mawili hawezi hata kueleza nani kamwambukiza nani, wala nani anayepaswa kuchanjwa.

Sidai tubuni jina jipya. Haya mawili yanatosha, kila moja likikaa mahali pake. Na kama mwanafunzi yule atakisoma kitabu hiki, ajue kwamba alama zake mbili nimemrudishia.