Mbwa wa Pua Bapa Anapokosa Pumzi: Dakika Tano za Mwanzo

Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limeshika Dar es Salaam, tukaletewa bulldogi wa Kifaransa wa kilo 12 aliyetembezwa saa saba mchana. Sauti yake ilimtangulia mlangoni: mkwaruzo mzito, kama msumeno kwenye ubao mbichi. Ulimi ulikuwa wa zambarau. Kipimajoto kilisoma nyuzi 41.3, wakati mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39.2.

Nachambua hapa tulivyomhudumia, kwa sababu mbwa wa aina hii wengi hufia mikononi mwa watu wanaohangaika kuwaokoa.

Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kutweta. Sasa hawa wa uso bapa wamezalishwa mpaka fuvu likawa fupi, lakini nyama za ndani zikabaki zilezile. Matundu ya pua ni kama mipasuo, na kaakaa laini, refu kupita kiasi, linaning'inia mbele ya mlango wa zoloto. Njia ya hewa ikipungua kipenyo kwa nusu, ukinzani wake unaweza kupanda mara 16. Mbwa anavuta kwa nguvu zaidi, nyama zinanyonywa ndani na kuvimba, njia inazidi kuziba, joto linapanda, naye anaongeza nguvu. Unyevu wa pwani unamkomoa zaidi, maana mate ya ulimini hayakauki upesi ili yampoze.

Hofu ndiyo kuni za moto huo. Kumlaza ubavu, kumbana ili upate mshipa, kumkimbiza kwenye eksrei: kila kimoja kinaweza kummaliza. Sisi tulimwacha asimame sakafuni anavyotaka. Sindano ya kwanza ilikuwa ya kumtuliza, butofanoli miligramu 0.2 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja. Kwa chupa yetu ya miligramu 10 kwa mililita, dozi yote haikufika robo mililita. Mpira wa oksijeni tuliusogeza karibu na pua bila kumfunika uso. Tukammwagia maji ya bomba mwilini, feni ikimpuliza. Taulo lililolowa halifai kumfunika, linahifadhi joto. Kwenye 39.5 tukaacha maji, kwani mwili huendelea kushuka wenyewe na unaweza kupitiliza.

Mbwa wengi hutulia hapo. Huyu akalegea shingo, na mkwaruzo ukapungua. Mgeni wa kazi angefurahi, lakini kifua kilikuwa bado kinapanda na hewa haiingii. Kimya cha namna hiyo ni cha kuogopwa kuliko kelele.

Mipira ya koo ilikuwa mezani tayari, ukubwa wa 7, 6, 5 na 4, kwa sababu bomba la hewa la bulldogi mara nyingi ni jembamba kuliko uzito wake unavyoonyesha. Msaidizi alikuwa ameshanyoa shingo. Mpira ungekataa kupita, ningechana katikati ya shingo chini ya zoloto, nitenganishe misuli, kisha nikate kati ya pingili ya tatu na ya nne za bomba la hewa, bila kuvuka nusu ya mzunguko wake. Uamuzi huo hufanywa kabla moyo haujasimama. Propofoli, dawa ya usingizi, ikaingia kidogokidogo, ulimi ukavutwa mbele, nikainua kaakaa kwa ncha ya mpira. Namba 5 ikapita. Fizi zikarudi rangi.

Deksamethasoni tuliidunga kupunguza uvimbe, tukasubiri. Kuutoa mpira ni hatari kama kuuingiza. Alilala kifudifudi, kidevu juu ya taulo lililokunjwa, na mpira hatukuugusa mpaka alipoanza kuutafuna na kuinua kichwa mwenyewe. Baadaye alipanuliwa pua na kupunguzwa kaakaa, upasuaji ambao ungefanyika mapema asingefika kwetu hivyo.

Mwenye mbwa alituambia amezoea kumsikia akikoroma hata akiwa macho. Ewe unayefuga pagi au bulldogi, mkoromo huo ni ugonjwa. Mpeleke kwa daktari kabla ya kaskazi. Na akizidiwa, mmwagie maji, washa kiyoyozi cha gari, piga simu kliniki kabla ya kuondoka ili ukute oksijeni imeshafunguliwa.