Kasongo: Mtu au Mji? Jina na Madai katika Maisha ya Tippu Tip

Wasomaji wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, huelekea kulichukua jina Kasongo kuwa la mahali tu: mji wa Waungwana ulioko kusini mwa Maniema. Mazoea hayo yanaficha jambo la msingi katika matini.

Katika maandishi ya zama zile jina hili lina wenyewe watatu. Wa kwanza ni Kasongo Rushie, mtemi wa Utetela. Wa pili ni Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, ambaye Cameron alifika kwake katika safari ya 1873–1875. Wa tatu ni mji wenyewe. Ni rahisi kukata shauri kwamba mji uliitwa kwa jina la mmoja wa watawala hao. Lakini kufanana kwa majina si ushahidi wa asili, maana watu wengi wa eneo hilo huitwa Kasongo.

Kabambare yatupa onyo lingine. Livingstone aliandika Bambarre. Stanley, aliyepita mwaka 1876, akaandika Kabambare. Mchambuzi anayeshika umbo la kwanza hana kiambishi ka- cha kueleza. Anayeshika la pili anacho. Hivyo etimolojia nzima yaweza kujengwa juu ya sikio la mgeni.

Lililo wazi zaidi ni matumizi ya jina. Tippu Tip asimulia kwamba alijitambulisha kuwa mjukuu wa dada yake Kasongo Rushie, aliyetekwa zamani, na kwa dai hilo akakabidhiwa utemi. Hapa nasaba ilitangulia bunduki. Msimulizi ndiye shahidi wa dai lake mwenyewe, nasi hatuna budi kumsoma hivyo.

Majeshi ya Dhanis yaliuteka mji Aprili 1893. Baadaye mji ulihama na jina likahama nao. Mahali pa kale paitwa Tongoni, yaani kwenye mahame, kama Tongoni ya karibu na Tanga. Neno hilo la Kiswahili asili yake haina utata. Kuhusu Kasongo, tusiwape wazao wa mtawala yeyote, wala wa mfanyabiashara yeyote, haki ya uenyeji kwa ushahidi wa jina peke yake.